Pawasaplai Nzito ya Maili Moja

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kukatishwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Maili Moja, saa sita mchana, jua la utosi. Sikuwa na homa, na pombe sinywi.

Mume wangu alipata kiharusi. Mdomo ulirudi, miguu ikarudi kidogo, lakini mkono wa kulia uligoma, na yeye mwenyewe akagoma kusema. Kuongea alikuwa anaweza, daktari alinihakikishia. Alikuwa hataki tu. Miezi mitatu, nyumbani kwetu Sofu, nikawa naongea na kuta. Mtaalamu wa mazoezi akaniuliza, zamani alipenda nini? Nikamwambia mpira wa kwenye kompyuta. Akasema basi mtafutie, vidole vikipata sababu vinaweza kuamka.

Sasa mimi ni mwalimu wa chekechea. Kompyuta ya gemu naijulia wapi? Mpya siiwezi. Nikashauriwa ninunue iliyotumika maofisini, kisha niongeze vipuri. Nikaenda kwa fundi mmoja, kijana mchangamfu, duka limejaa makasha ya kompyuta mpaka barazani. Akasema nguvu zote niziweke kwenye kadi ya picha, ile kubwa yenye feni tatu, na pawasaplai, yaani lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, nichukue yenye taa za rangi. Si unajua sisi na taa? Nikaipenda palepale.

Ndipo nikaona binti kasimama pembeni yangu. Miaka ishirini na kitu, gauni la kitenge, kidole gumba cha kushoto kina kovu la kuungua. Kwa umri ule nikasubiri shikamoo yangu. Haikuja. Ananitazama kwa upole, kama vile anayesubiri ni yeye. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, sijui nini kilinipata, nikajikuta nasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, wala hakuona haya.

Akainua ile pawasaplai ya taa. "Nyepesi hii. Ndani hewa tu." Akainusa, naam, akainusa kama anayenunua samaki, akakunja uso. Akachomoa nyingine chini ya rundo, ya kijivu, imejaa vumbi, akanipa. Nzito kama tofali.

"Anza na umeme," akasema. "Umeme ukiwa mbovu, chochote utakachoweka humo kitaungua. Kadi chukua ile ndogo, kwa mpira inatosha. Isipige kelele, kichwa kinamuuma."

Niamini, pale dukani sikuwa nimemwambia mtu kompyuta ni ya nani.

"Mkono wa kulia bado?" akauliza.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilidhani umbea wa mtaani umenifuata mpaka dukani. "Nani kakupa habari za nyumbani kwangu?" nikamfokea, nikamgeuzia kisogo ili nimwite fundi. Nilipogeuka tena, hayupo.

"Yule dada kaenda wapi?"

"Dada yupi, mama? Si ulikuwa unaongea na simu?"

Simu ilikuwa ndani ya pochi. Fundi akachomeka ile ya taa anionyeshe inavyong'aa. Ikalia pa! Moshi ukatoka. Akachomeka ya kijivu, kompyuta ikawaka kimya kabisa.

Jioni nikamsimulia mume wangu, maana nilishazoea kusimulia bila kujibiwa. Nilipofika kwenye kunusa, akaweka kijiko chini.

"Kovu lilikuwa kwenye gumba lipi?"

Miezi mitatu, hayo ndiyo maneno ya kwanza. "La kushoto," nikasema.

Akalia. Akanieleza habari za dada yake Mariamu, aliyemlea kule Kisarawe mama yao alipofariki. Jina nililijua, picha yake sikuwahi kuiona. Alikuwa akitengeneza redio za kijiji kizima, na hakununua kipuri bila kukipima mkononi na kukinusa. Alifariki kabla sijaolewa. Angekuwa hai, angekuwa na hamsini na kitu. Kumbe shikamoo ilikuwa haki yake.

Kompyuta ipo mpaka leo. Wiki za kwanza pedi ya kuchezea ilimponyoka kila dakika, mimi kazi yangu kuiokota. Siku moja gumba la kulia likabonyeza. Bao lenyewe la ovyo, lakini tulipiga kelele mpaka majirani wakaja. Na ukisogeza pua nyuma ya kompyuta, pale feni inapotolea joto, unasikia harufu ya ile risasi wanayoyeyusha mafundi redio kuungia nyaya. Fundi ameifungua mara mbili, haoni kilichoungua.

Mwezi uliopita tulikwenda Kisarawe. Mume wangu alipiga magoti kaburini, akang'oa majani yote mwenyewe, kwa mkono wa kulia, polepole, huku akimpigia soga dada yake. Mimi nilisimama nyuma yake na aibu yangu, nakumbuka sauti niliyomtolea kule dukani.

Nakuonya basi. Mtu usiyemfahamu akikuuliza hali ya mgonjwa wako, usimfokee. Mwambie anaendeleaje. Huenda katoka mbali sana kuja kuuliza.