Nzi Sabini na Wawili wa Mashoto

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu. Mwanamke ambaye kila anayemfahamu humwita Mashoto anabana ndoano ndogo kuliko punje ya mchele kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa ukingoni mwa meza. Anavuta uzi kwa mkono wa kushoto, anapiga mwayo, kisha anaomba radhi.

"Usije ukaandika kwamba nasinzia kazini," anasema. "Andika kwamba nimelala. Tangu Jumamosi nalala fofofo, mpaka baba watoto anivute blanketi ndiyo naamka."

Kazi yake ni kutengeneza nzi. Si hawa tunaowafukuza mezani. Ni nzi wa manyoya ya shingo ya jogoo, anayefungwa kwa uzi juu ya ndoano ili samaki wa mtoni amdhanie mdudu aliyeanguka majini. Wavuvi wa kujifurahisha humfunga kwenye mshipi na kumrusha kwa ufito mrefu mwembamba.

Mashoto ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, karibu dazeni moja kwa saa. Hadi Jumamosi iliyopita alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja akigusa maji.

Nyumbani kwake nako hakuna aliyewahi kuona. Binti yake wa miaka kumi na mmoja aliwahi kuandika shuleni kwamba mama anatengeneza hereni. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mkewe yuko "mambo ya uvuvi", na hapo hapo anabadilisha mazungumzo. Mama mkwe wake, anayeishi nao, ndiye aliyekuwa haamini kabisa.

"Mwanangu, mimi nimekula samaki tangu sijaota meno mpaka sasa yameng'oka yote," alikuwa akimwambia. "Samaki hali manyoya. Hao wanunuzi wenu wanawadanganya."

Kwa hiyo mwaliko ulipobandikwa mlangoni mwa karakana, kwamba kutakuwa na jioni ya filamu za uvuvi wa nzi kwenye ukumbi wa maktaba na kila mfanyakazi aje na familia yake, wenzake kumi na mmoja walipiga vigelegele. Mashoto alirudi mezani kwake.

"Niliomba niumwe siku hiyo," anasema. "Malaria, jino, chochote."

Sababu aliijua peke yake. Miezi saba nyuma taa ya meza yake iliharibika, akahamia kwa wiki moja kwenye meza ya mwenzake aliye likizo. Karakana ina utaratibu: nzi aliyekwisha kufungwa husimamishwa kwenye trei ya kulia kungoja tone la vanishi kichwani, ambalo hugandisha fundo lisifumuke. Akishapakwa huhamia trei ya kushoto, tayari kufungashwa. Kwa Mashoto, anayetumia mkono wa kushoto, mambo huwa kinyume, na wote wamezoea.

Kwenye meza ya watu alijitahidi kufuata mpango wa wenye meza. Wiki nzima hakukosea. Ijumaa jioni, amechoka, mkono ukafuata mazoea yake: akamkabidhi mfungashaji trei ya kulia.

Jumatatu alipofika, trei ya kushoto ilikuwa bado mezani. Nzi sabini na wawili, vichwa vinang'aa. Wengine sabini na wawili, ambao hawakupakwa kitu, walikuwa wameshasafirishwa.

"Hapo ndipo nilipokosa," anasema, na safari hii haangalii pembeni. "Kuchanganya trei ni uchovu. Lakini nilipaswa kwenda kwa msimamizi siku ile ile. Badala yake nikawachukua wale wazuri, nikawachanganya na oda iliyofuata, nikanyamaza kimya."

Hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka juzi mteja mmoja alipokea nzi waliofumuka, akahamisha oda zake zote, na wanawake wanne wakarudishwa nyumbani. Wawili hawajapata kazi hadi leo. Kisha, wiki tatu baada ya kosa lake, msimamizi akaingia akiwa na furaha na kutangaza kwamba mzigo ule umekwenda kwa mvuvi anayepiga filamu, na kwamba nzi wao wataonekana na watu wengi.

"Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanyaje?"

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, familia ilikaa safu ya tatu kwenye viti vya plastiki. Mama mkwe alivaa viatu vyake vya kanisani na kushika mkoba magotini kama anayengoja daktari. Binti alitaka kujua kama kutakuwa na papa. Taa zikazimwa.

Ulionekana mto mwembamba wenye mawe, na mwanaume aliyesimama ndani ya maji hadi mapajani. Kisha picha ikasogea karibu, na kwenye pazia jeupe la filamu akatokea nzi mmoja, mkubwa kama mlango.

Manyoya yake yalilalia upande wa pili. Katika karakana ile ni mtu mmoja tu anayezungusha uzi kinyume na wengine. Na kichwa cha nzi hakikung'aa.

"Nilimjua kama ninavyomjua huyu mtoto wangu," anasema Mashoto. "Nikasema basi, leo naumbuka mbele ya mama mkwe."

Nzi akatua juu ya maji. Maji yakapasuka na samaki akamdaka. Mshipi ukakaza, ufito ukapinda, na mama mkwe akasimama.

"Mvute!" alilipigia kelele pazia. "Mvute wewe, unaangalia nini?"

Samaki aliruka mara nne. Kila aliporuka, Mashoto alifumba macho. Mwishowe mvuvi akamfikia kwa wavu, akamtoa ndoano taratibu, akamrudisha majini.

"Amemwachia?" mama mkwe aliuliza kwa sauti iliyofika mlangoni. "Jasho lote lile, halafu amemwachia? Huyo kijana ana akili timamu?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mashoto hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vya mvuvi, na ndani yake yule nzi aliyelowa na kuchakaa, mzima, uzi haujaachia hata duara moja. Akaanza kulia.

Mumewe alimwinamia. "Una nini?"

Akamwambia yote palepale, kwa kunong'ona. Fundi alimgeukia. "Miezi saba!" akasema. "Na mimi nikidhani umenichoka."

Taa zilipowashwa, Mashoto alikwenda mbele, alikosimama mvuvi wa kwenye filamu pamoja na msimamizi. Familia ilimfuata, mama mkwe akiwa na malalamiko yake kuhusu samaki. Mashoto alijitambulisha, akasema nzi wale hawakupakwa vanishi, ni sabini na wawili, na kosa ni lake.

Msimamizi alibadilika uso. Mvuvi akakuna kichwa.

"Nimebaki na watatu," alisema. "Wengine nimewapoteza."

"Walifumuka?" Mashoto aliuliza.

"Wamenasa kwenye miti, mama. Mimi hurusha vibaya sana. Wanayoonyesha ni ile mara niliyopatia." Akamtazama msimamizi. "Hakuna hata mmoja aliyefumuka mkononi mwangu."

Kumbe Mashoto hufunga fundo lake kwa mizunguko saba, pale wenzake wanapopiga mitano. Kwa miaka mingi msimamizi amemgombeza kwamba anamaliza uzi. Sasa msimamizi huyo, mwanaume mwenye kalamu mbili mfukoni, anakiri kwamba Jumamosi hiyo alikasirika sana.

"Nilimwambia wazi, kilichoniudhi ni ule ukimya wa miezi saba," anasema. "Onyo limeingia kwenye faili lake, na hilo sitalifuta. Lakini kuanzia mwezi ujao wanafunzi wapya wawili watakaa meza yake."

Mashoto anasema somo la kwanza atakalowapa ni habari ya trei zile mbili, kabla hawajaisikia kwa wengine. Onyo halimsumbui. Anasema lina tarehe na sahihi, mtu unajua umefika wapi.

Kabla ya yote hayo, ana mpango wa Jumamosi ijayo. Mumewe amemuunganishia ufito wa zamani uliokuwa umevunjika katikati, na familia nzima itakwenda kwenye mto ulio nje ya mji. Mama mkwe amekubali kuja kwa sharti moja, kwamba samaki akipatikana aende kwenye sufuria. Mashoto atamfunga nzi mmoja ambaye hakuagizwa na mtu, wa kwanza katika miaka kumi na tisa.

"Namrusha mwenyewe, na mimi mwenyewe namtazama," anasema. "Akifumuka, nitamwona. Asipofumuka, nitamwona. Nimechoka kukaa nikingoja kuambiwa."