Mwewe Alitokaje Mtoni

Juzi hapa Gitothua watoto wa jirani walikaribia kung'oana meno kwa sababu ya televisheni. Wana shujaa wao mmoja anayeruka juu ya magorofa, na mkubwa wao akasema huyo alikufa wiki iliyopita, kila mtu alimwona akifa, sasa leo anatembeaje. Mdogo wake, msichana, akamwambia hajui kitu, hii ya leo ndiyo ya kwanza na ile ya kufa ni ya baadaye, wenye televisheni wamezichanganya. "Angalia nguo yake basi," akasema. Mimi nilikuwa mlangoni nakata mboga, sukuma wiki. Niliposikia hilo la nguo nikaweka kisu chini. Ndugu yangu unayesoma, ubishi huo niliusikia nikiwa na umri wa watoto hao, na aliyeushinda hakupewa nafasi ya kusema ameshinda.

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu, basi, shule ikafungwa tukapelekwa kuchuma kahawa. Kwa hivyo usitafute kwangu maneno ya kupambwa. Watu wetu nitawaita vile tulivyowaita: mama, kaka, jirani, mwenye sinema. Waliotutendea ubaya nitawataja kwa majina, maana hao ndio walitaka sana tuyasahau.

Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, katika shamba la kahawa nje ya Ruiru, wakati ule wa hali ya hatari ambao sisi tuliuita imajensi. Mwenye shamba alikuwa Mzungu tuliyempa jina la Kihara kwa ajili ya upara wake. Mpaka leo nikipita mahali penye maganda ya kahawa yaliyooza, ile harufu yake kali ya kutia chachu, nasikia njaa. Ilikuwa harufu ya jioni, ya kurudi na debe kichwani, ya viazi vitamu vilivyofukiwa jivuni na mama akipuliza moto huku akitukanya tusiongee sana. "Siku hizi hata ndoo ina masikio," alikuwa akisema. Baba hakuwepo. Askari walimchukua mwanzoni kabisa, kabla sijajua kuchunga ulimi.

Furaha yetu ilikuwa moja, sinema ya Jumapili. Kwa sababu ya kafyu haikuweza kuwa usiku, kwa hivyo ilikuwa mchana baada ya kula, ndani ya ghala la kahawa, madirisha yamezibwa kwa magunia mpaka giza linapatikana. Kihara aliiruhusu akiamini kwamba mtu anayecheka hakumbuki msitu na wanaopigania uhuru ndani yake. Mwenye sinema alitoka Thika na gari lake. Jumamosi alionyesha kwa wafanyakazi wa mkonge kule, Jumapili akatuonyesha sisi. Injini yake ilinguruma nje, vumbi la kahawa likacheza kwenye mwanga wa mashine, na sisi watoto tukakaa mbele kabisa juu ya sakafu ya baridi, shingo zimekunjwa nyuma.

Shujaa wetu alikuwa mtu aliyefunika uso, mwenye koti refu lililopepea. Jina lake la Kiingereza hatukulijua. Tulimwita Mwewe. Hadithi yake ilikuja kidogo kidogo, Jumapili hii imekatika hapa, Jumapili ile inaendelea pale. Na kwa kuwa walisema Kiingereza, Karani wa mizani ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe la kuonyeshea picha na kutueleza. Jina lake Ndirangu. Wiki nzima alipima kahawa yetu na kuandika pasi za kutoka shambani, Jumapili akawa mdomo wa Mwewe. Alitoa sauti za farasi, za bunduki, hata za mwanamke akilia, na nitasema kweli, alijua. Lakini alikuwa na tabia moja. Akiulizwa jambo asilolijua, alisimama kwa mguu mmoja kama korongo na kusugua muundi kwa kisigino cha mguu wa pili. Sisi watoto tulimwigiza tukichota maji.

Jumapili moja Mwewe alifungwa minyororo akatupwa kwenye maporomoko. Wazee waliapa kwamba yale ni maporomoko ya Chania, wanayajua mawe yake. Akazama, shuka likabaki jeupe, tukarudi nyumbani kama watu waliotoka matangani. Wiki nzima kati ya mikahawa watu hawakuzungumza kingine. Jumapili iliyofuata, huyo hapo juu ya farasi, mkavu kabisa, na nyuma yake jela tuliyoiacha imesimama ilikuwa majivu.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Karani Ndirangu akatueleza kwamba Mwewe alikufa akafufuka, kofia yake ina dawa. Jirani yetu, mama wa kanisa asiyecheka ovyo, akasimama pale gizani akasema aliyefufuka ni mmoja tu, na kama sinema inafundisha kufuru yeye anatoka. Hakutoka, alitaka kuona mwisho. Mama akasema ni pacha. Wengine wakamfuata mama, wengine Karani, na watu waliochuma mti mmoja tangu msimu uanze wakanyimana salamu.

Kaka yangu alikuwa kijana wa kuosha kahawa kiwandani, mikono imekunjamana kwa maji, mdomo mwepesi, mcheshi wa kuchosha. Yeye akasema, "Mtu akifa amekufa. Ukimwona anatembea, jua kuna mkanda umefichwa." Watu wakacheka. Akaendelea kumuuliza Karani, kwa heshima zote za uongo, kwamba koti la Mwewe lilipasuka begani akitupwa mtoni, sasa ni fundi gani aliyelishona chini ya maji? Ghala zima likaangua kicheko. Ndirangu akasimama mguu mmoja.

Baada ya hapo mwenye sinema, akikunja waya zake, akawaambia kwa sauti ya chini waliomsaidia kubeba kwamba kijana hakukosea. Mkanda upo, uko ndani ya gari. Kihara aliutazama kwanza akakataza usionyeshwe hapa, kwa sababu ndani yake askari wanapigwa, mlango wa jela unavunjwa na wafungwa wanatoka wakiimba. Kule Thika bwana wa mkonge alilala kitini, watu wakaona yote, na wakaupenda mpaka wakaomba urudiwe Jumamosi ijayo.

Sasa nisikilize. Kutoka Ruiru kwenda Thika siku zile bila pasi lilikuwa jambo la kukupeleka kizuizini, si la kukemewa. Kaka alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akaenda pale mizani, mbele ya wachumaji wote, akaomba pasi ya kwenda Thika. Ndirangu hakuandika. Akamwekea mkono begani, akacheka naye kama ndugu, akasema aende tu, nani atamuuliza, Jumamosi homgadi, wale wenzetu waliobebeshwa bunduki za serikali, wote wako kwenye pombe. "Nenda, mwana wa mama. Ukirudi utwambie sote ghalani. Ukiwa umenishinda, mimi nitakaa chini na wewe utasimama kando ya shuka."

Mahali pale kando ya shuka ndipo kaka alipopataka. Mama alimkataza. Hakumpigia kelele, aliendelea kumenya viazi na kusema lile la ndoo na masikio. Kaka akamwambia wote wamesikia Karani akikubali, sasa nani atamsema? Hilo ndilo kosa lake. Aliamini kwamba mtu aliyekubali mbele ya watu amefungwa na watu. Kwetu ilikuwa hivyo zamani. Imajensi ilishaivunja desturi hiyo na yeye hakuona.

Akaenda Jumamosi mchana kwa kufuata reli. Kafyu ilimlaza kule. Usiku ule mama hakufunga mlango wala hakuufungua, aliuegemea.

Jumapili tukapanga foleni mbele ya ghala kama kawaida, lakini mlangoni palikuwa na lori la homgadi, na kando ya mlango alisimama mtu aliyevishwa gunia la kahawa kutoka kichwani mpaka magotini, mashimo mawili ya macho. Watu wa kwetu mnajua huyo ni nani. Gakunia, mwenzetu aliyefichwa guniani ili atuchongee asijulikane. Unapita mbele yake. Asipotingisha kichwa unakwenda zako, akitingisha unapandishwa lorini. Walikuwa wamegeuza foleni ya sinema kuwa foleni ya kuchujwa.

Kaka alitokea kwenye mikahawa wakati huo huo, viatu vimejaa vumbi jekundu, anatabasamu. Hakuliona lori mpaka alipokuwa katikati yetu, na kurudi nyuma kungekuwa kujitaja. Akasimama nyuma yangu. Nilinusa moshi wa Thika kwenye shati lake.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona."

"Alitokaje mtoni?"

"Subiri. Nitasema mbele ya Karani."

Mpaka leo nasikia jinsi alivyolisema hilo, polepole, kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Mama alikuwa mbele yetu na hakugeuka. Akapita. Gunia halikutingika. Nikapita mimi. Na nilipopita nilitazama chini, kwa sababu niliogopa yale mashimo, nikaona miguu. Mmoja umesimama. Wa pili umeinuka, kisigino kinasugua muundi.

Nikafungua mdomo nimwambie kaka. Gunia lilikuwa limeshatingika.

Walisema amepeleka habari kwa watu wa msituni. Kaka akasema alikwenda kuona sinema, wakampiga kwa kuwadharau. Lori likaondoka. Kisha, na hili sijawahi kulisamehe hata kwa maombi, sinema ikaonyeshwa. Tuliingizwa ndani. Ndirangu akachelewa kidogo, akaja na nyuzi za gunia kwenye nywele, akasimama kando ya shuka na kutoa sauti ya farasi. Hakuna aliyemuuliza kitu, Jumapili ile na zote zilizofuata.

Kaka hakurudi. Kambi za kizuizini zilipofunguliwa alikuja mwanamume mmoja aliyelala naye jengo moja, akatuletea salamu zake na habari ya kifua kilichommaliza. Alisema kaka aliwasimulia Mwewe kila jioni baada ya kuvunja mawe, nao wafungwa wakabishana mpaka walinzi wakashangaa. Mama hakuweza kuuliza, nikauliza mimi, alitokaje mtoni. Yule mtu akajikuna kichwa. Siku moja kaka alisema Mwewe alishika mzizi wa mti. Siku nyingine alikuwa na ufunguo mdomoni. Siku nyingine wanawake waliokuja kuchota maji walifungua kamba zao za kubebea kuni, wakaziunga, wakamvuta. Walipomwambia achague moja, aliwaambia wabishane, ndiyo raha yake. Ipi aliiona Thika, yule mtu hakujua.

Ghala halipo tena. Kahawa iling'olewa, wamejenga nyumba za kupangisha, na harufu ile sasa naipata ndotoni tu. Kihara aliuza shamba akaenda kwao kufa kitandani. Lakini Ndirangu yupo. Wiki iliyopita watoto hawa walirudi kutoka sherehe za taifa uwanjani wakanieleza wamemwona shujaa wa kweli, mzee mwenye fimbo aliyekaa na wakubwa jukwaani, akasifiwa kwamba aliteseka msituni kwa ajili yao. Wakanitajia jina. Nilinyamaza wiki nzima, kama tulivyozoea.

Ila juzi walipobishana juu ya nguo, niliwaita wakae. Nikawaambia, mtu ukimwacha kwenye mizani ya Mzungu na baadaye ukamkuta jukwaani amevaa nishani, jua kuna mkanda umefichwa katikati. Nikawaonyesha mkanda huo, wote, na jina lake nikalitamka taratibu: Ndirangu. Mkubwa akaangalia chini. Nadhani alimpigia makofi uwanjani.

Msichana yeye hakuuliza juu ya mzee. Aliniuliza Mwewe alitokaje mtoni.

Nikamwambia wanawake walimvuta kwa kamba za kuni. Sijui kama ndivyo. Lakini ndivyo ningemtoa mimi.