Pete ya Mguu wa Kushoto

Dada yangu ana kazi ambayo watu wakiisikia hucheka: anavisha ndege pete. Ni hawa ndege waimbaji, wadogo wa kuenea kiganjani, wanaopita kwetu baridi ikiisha wakirudi walikozaliwa. Tunawanasa kwa nyavu nyembamba, dada anawavisha pete ya bati yenye nambari, anawapima, anawaachia. Mimi nashona nyavu zilizochanika. Anayetaka kucheka na acheke.

Kwenye kituo chetu cha ndege, pete huvishwa mguu wa kulia. Shemeji, mume wa dada, naye alivisha pete pale, lakini alikuwa mashoto, na mkono ulimponyoka kila mara: pete ikaenda kushoto. Bosi aligomba mpaka akachoka.

"Kwani ndege anaenda kufunga ndoa?" shemeji alikuwa akimjibu.

Kisha shemeji akafa. Aliugua siku chache tu, basi. Tangu hapo dada akimtoa ndege kwenye mfuko wa kitambaa tunamowabebea huangalia mguu wa kushoto kwanza. Mwanzoni walirudi kadhaa, akawa anawasemesha kama wageni waliotumwa na mumewe. Mwaka jana alirudi mmoja tu.

"Dada, yaliyopita si ndwele," nilimwambia msimu huu, "tugange yajayo."

"Ganga nyavu zako," akanijibu.

Siku ya mwisho, tukiwa tunakunja nyavu, akampata. Pete kushoto! Jamani, dada alicheka, akanipiga bega kama tulivyokuwa watoto. Halafu akamgeuza ndege kwenye mwanga, akauinamia mguu. Pete ilikuwa imelika, ukingo umefunguka na unamkata. Mguu umevimba.

"Mwachie hivyohivyo," nikasema. Ndiyo, mimi mwenyewe. "Ndiye wa mwisho huyu, dada."

"Mguu utaoza, mdogo wangu."

Akaingia naye kituoni, akachukua koleo. Akaegemeza viwiko mezani, jambo ambalo hajapata kulifanya na ndege. Akaikata. Mguu ule haukuweza kuvaa kitu tena, kwa hiyo pete mpya akaivisha kulia, kama ndege wengine wote. Akaenda dirishani, akafungua kiganja. Ndege hakungoja hata kidogo.

Dada akabaki amenyoosha mkono mtupu.

"Shemeji yako amekufa," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sina habari.

Nikamkumbatia, nikampa pole upya, kama siku ya msiba.