Mchaichai wa Chumba Namba Sita

Kwa miaka kumi na tisa Kokushubila alikula mshahara wake kwa kukaa katikati ya mume na mke wanaotukanana. Alikuwa afisa ustawi wa jamii katika ofisi moja ya serikali huko Temeke, chumba namba sita, dirisha likitazama ukuta. Asubuhi akifika, benchi la nje limeshajaa: wanawake waliotolewa vyombo nje, wanaume walioitwa kwa barua wakaja wamenuna, bibi mwenye wajukuu wanne ambao baba zao hawajulikani walipo. Wote walimwita mama, na wote walitaka aamue leo leo.

Mwaka huo alianza kuchoka kwa namna asiyoijua. Alilala akaamka bado amechoka. Mtu akijieleza mbele yake, aliona midomo inacheza tu, maneno hayaingii. Kichwa kilimgonga tangu saa nne asubuhi mpaka arudi kwake Chamazi. Siku moja alimwita mlalamikaji kwa jina la mwanamke wa juzi yake, na yule mama akamwangalia, akasema taratibu, "Kumbe hata wewe hunisikii." Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani.

Mdogo wake, Noela, ndiye aliyemletea kichupa cheusi kidogo.

"Dada, haya ni mafuta ya mchaichai. Kuna kina mama kule Pugu wanayatoa kwa mvuke. Unadondoshea pamba matone mawili, unaweka mezani. Ila usijipake hivihivi, yatakuunguza."

"Na watu watapungua?"

"Watu hawapungui, dada. Utapumua tu."

Jumatatu aliiweka pamba kwenye kisosi, karibu na mhuri. Harufu ilijaa chumbani polepole, kali kidogo, kama chai imechemka chumba cha pili. Anselmo, kijana wa Newala aliyekuwa na meza upande wa mlangoni, aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili, akamwita kwa jina la mwanawe kama ofisi nzima ilivyozoea.

"Mama Kamugisha, leo umetuletea nini? Mie nimesikia njaa ghafla."

"Fanya kazi, Anselmo."

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi seremala aliyegoma kuonana na mtoto wake. Aliingia akifoka tangu mlangoni. Katikati ya kufoka akavuta pumzi, akanyamaza, akauliza, "Hiki kinachonukia ni nini?" Alipoambiwa, akasema mama yake alikuwa ameotesha mchaichai nyuma ya jiko, kisha akakaa. Fundi aliendelea kumkataa mtoto vilevile, lakini alimkataa kwa sauti ya chini. Kokushubila aliandika maelezo yote bila kurudia swali hata moja. Mchana kichwa kiliuma, ila kwa mbali.

Wiki ile ilimwendea vizuri kuliko wiki zote za mwaka huo. Shida ilianza iliyofuata.

Nusaiba wa masijala alikuja kuleta faili, akasimama, akanusa, akavuta kiti. "Niache nikae dakika mbili tu, Mama Kamugisha. Kule kwetu vumbi tupu." Dakika mbili zikawa ishirini, na ndani yake akamwaga habari ya mchumba wake aliyekwenda Mwanza akazima simu. Kesho yake alikuja na mwenzake. Akaja dereva, akaja mhudumu wa chai. Ilipofika saa saba, wateja wakiwa wamekwenda kula, chumba namba sita kilijaa wafanyakazi waliokuja kunusa, na kila aliyenusa alifungua moyo. Kokushubila, ambaye saa ile ndiyo aliyokuwa akifunga macho kidogo, alijikuta akisema, "Pole. Enhe, halafu?"

Akaificha pamba ndani ya droo. Watu wakaja vilevile.

Alhamisi aliingia mkuu wa idara, Bwana Apolinari, mtu wa miaka hamsini na nane asiyejulikana kucheka wala kulia. Alimwomba Anselmo awapishe.

"Nasikia kuna mafuta hapa ya kutuliza watu."

"Yapo, mzee."

Akaketi kwenye kiti cha walalamikaji. Alianza na presha yake, akaenda kwenye kustaafu kunakomnyemelea, akaishia kwa mkewe, ambaye tangu Pasaka wanaishi nyumba moja bila kusemeshana. Alieleza kwa muda wa saa nzima. Nje benchi lilikuwa likilalamika. Kokushubila alimsikiliza mpaka macho yakaanza kumjaa machozi, naye hakujua anamlilia nani.

"Nimekuumiza?" bosi akashtuka.

"Hapana, mzee. Nimechoka." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja tarehe. "Nawasikiliza wa nje, nawasikiliza wa ndani. Sijapata likizo mwaka wa tatu huu. Kila nikiomba naambiwa hakuna wa kukaa hapa. Mafuta yananisaidia, sikatai, lakini mafuta hayawezi kukaa kwenye kiti changu."

Bwana Apolinari alitazama sakafu. Aliona haya, na kwa mtu wa cheo chake aibu ile ilichelewa kuondoka usoni.

"Nikikupa siku zote ishirini na nane ofisi italala," akasema mwishowe. "Chukua kumi. Anselmo atashika."

"Kumi natosheka nazo kwa sasa. Zilizobaki niandikie tarehe."

Akaandika Novemba, akaweka sahihi, akatoka bila kuaga.

Siku mbili za kwanza za likizo Kokushubila alilala tu. Siku ya tatu, asubuhi, alikaa kibarazani miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Jirani yake, Filomena, akasukuma geti, akaanza kusogeza kigoda.

"Shikamoo, dada. Afadhali nimekukuta. Nina ishu yangu na shemeji yako, nataka unisikilize."

"Marahaba, Filomena." Kokushubila alimtazama, akaona kweli ana shida, na moyo ukamuuma kidogo. "Njoo ofisini likizo yangu ikiisha. Nitakusikiliza vizuri. Leo siwezi, mdogo wangu."

Filomena akakirudisha kigoda mahali pake, akaenda. Kokushubila alibaki palepale mpaka maji yakapoa.