Punje ya Kuanzia

Somo lile nilipata pointi zote, na hadi leo hakuna pointi ninazozichukia kama zile.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, katika shule ya kanisa mjini Kasongo. Mwalimu wetu wa biolojia, tuliyemwita Prof, hakuwa na hadubini wala picha. Siku hiyo alitaka kutuonyesha jinsi bakteria inavyonakili kromosomu yake, akauliza nani ana kitu cha mviringo, uzi usio na ncha. Mfukoni nilikuwa na tasbihi ya bibi yangu. Alikuwa amenituma nayo kutoka Kabambare, niitie uzi mpya sokoni.

"Ningetoa rozari yangu," Prof alisema akiipokea, "lakini siwezi kumutwika Yesu kazi ya bakteria."

Darasa likacheka. "Leo Prof anasilimu," mtu akanong'ona nyuma yangu.

Akaniita mbele. Nikashika ile punje ndefu ambayo kila mwenye kuhesabu huanzia hapo, nikaeleza: kunakili kunaanza mahali pamoja tu kwenye duara. Kutoka hapo wanakili wawili wanaachana, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka wakutane upande wa pili. Uzi mmoja unakuwa nyuzi mbili, kisha seli inagawanyika. Bakteria ikishiba haina subira. Duru ya kwanza haijamalizika, duru ya pili imeshaanzishwa kwenye punje ileile, hivi kwamba binti anazaliwa tayari amebeba mwanzo wa wajukuu. Ikiwa na njaa, hainakili kitu. Inajikunyata.

"Sasa dawa ya kuua bakteria kama sipro," Prof akaongeza, "inakamata wenye wako mu kazi. Inakata uzi katikati ya hesabu. Mwenye kulala, mara nyingi inamupita."

Nikamuuliza: na mwenye kulala akiamka?

"Akiamuka, akute dawa ingali pale. Ndiyo sababu tunamaliza siku zote za dawa."

Niliongea robo saa nzima mbele ya watu arobaini, na sauti yangu haikutetemeka.

Likizo ilipofika nikapanda pikipiki kwenda Kabambare, tasbihi yenye uzi mpya imefungwa kwenye leso. Nikamkuta bibi amelala kitandani, midomo imepasuka kwa homa ya matumbo. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amempa sipro za siku kumi, asubuhi na jioni. Nilimpa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Siku ya tano homa ikashuka. Akaomba sombe ya majani ya muhogo, akala, akaketi uani akiniita mke mwenzake, kama alivyoniita tangu utoto kwa sababu babu alizoea kusema nimeolewa naye.

Siku hiyohiyo akaja mchimbaji wa dhahabu kutoka mashimo ya Lusangi, kijana wa Kivu aliyewahi kupanga chumba kwa bibi. Alishuka kwenye pikipiki akiyumba. Macho yake yalikuwa yamekauka kwa homa. Bibi akaingia ndani, akatoka na kile kikaratasi cha dawa.

Kwake ilikuwa sheria. Mtu akipona, dawa iliyobaki haikai nyumbani, maana dawa inayokaa bure inamwita mwenyewe, yaani ugonjwa. Inapewa mgonjwa anayefuata. Tangu nina akili nilimwona akifanya hivyo, na mtaa mzima ulimpenda kwa hilo.

"Twaa, mutoto yangu," akamwambia kijana. "Mimi nimeshapona."

"Bibi," nikasema, "muganga wa kituo alisema siku kumi."

"Muganga anajua siku zake. Mimi najua mwili yangu."

"Lakini ndani iko vidudu vyenye vimelala..."

"Uviache vilale, mke mwenzangu. Hata mimi nikilala sipendi kuamushwa."

Wanawake waliokuwa uani wakacheka, na shangazi yangu akacheka kuliko wote. Kijana alikuwa ameshafungua mkono. Nikaona jinsi nitakavyoonekana: msichana wa shule anayemnyima mgonjwa kidonge mbele ya mwenye nyumba. Nikacheka nami.

Yule kijana alikaa siku mbili, akapata nguvu, akarudi Lusangi. Vidonge vilivyobaki akaondoka navyo, ampe mwenzake wa shimoni. Bibi alimsifu kwa hilo.

Wiki ya pili homa ya bibi ikarudi. Safari hii tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Tulimweka kwenye pikipiki katikati ya dereva na shangazi, mimi nikafuata na nyingine, njia nzima ya mashimo na madaraja ya magogo hadi Kasongo. Hospitali wakampa sindano na sipro mpya. Siku ya tatu, adhuhuri, akafa. Tasbihi ilikuwa kiganjani, kidole gumba kikiwa mbali sana na punje ya kuanzia.

Kwenye matanga yule mchimbaji alikuja, mnene wa afya, akalia kuliko mimi. "Mama huyu alinipa uzima," alisema, na wazee wakaitikia kwamba sadaka ya namna ile haipotei. Nilimchukia. Alikuwa hana kosa lolote, nikamchukia vivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kukumbuka kicheko changu.

Siku ya nne shangazi alikuwa akikusanya vitu vya marehemu. Akakuta kikaratasi cha hospitali, vidonge vingi bado. Jirani alikuwa na homa. Akaanza kuvifunga kwenye kitambaa. Nikavikamata.

Nikasema yote. Punje ya kuanzia, uzi unaokatwa, wanaolala, wanaoamka. Nikamwambia kwamba tukimpa jirani dawa ya siku chache tunamfundisha mdudu wake kungoja, na kwamba bibi hakuuawa na siku zake kuisha, bali na dawa kukatizwa. Sauti yangu ilitetemeka tangu neno la kwanza.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulijua?" akauliza. "Siku ile uani, ulijua?"

Nikakaza vidole juu ya vidonge.

"Basi nyamaza na leo. Mama yangu alikufa mukono wazi. Usinifunge wangu."

Akanibandua vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayehesabu, akavichukua vidonge, akatoka kwenda kwa jirani.