Kinini za Damu Nilizozificha

Wakati wa mimba ya binti yangu wa mwisho, nilisema uongo kila mwezi, macho kavu. Kule kituo ya afya ya Nyamitaba muganga alinipa kinini, vidonge nyekundu vya kuongeza damu. Zilinichafua roho, choo ikawa nyeusi, nikaziacha. Nikienda kupimisha tumbo anauliza: "Mama, unakunywa?" Najibu: "Ndiyo, nakunywa." Anaandika mu fishi, karatasi yangu ya kliniki. Tulikuwa wengi wa kufanya vile, tusidanganyane. Kuzitupa niliona ni zambi, nikazijaza mu kopo ya maziwa chini ya nguo.

Mutoto akafikisha miaka mbili, kopo ingali pale. Asubuhi moja nilikuwa inje nachambua maharagwe. Kuingia, nikamukuta amekaa na ile kopo wazi, midomo nyekundu. "Bonbon," akaniambia, kama vile ni pipi. Kisha akaanza kutapika.

Mama mukwe na mie tukamubeba, tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka hospitali ya Masisi. Njia yote mutoto alinitapikia kifuani. Wakamuwekea serumu, maji ya mu mushipa. Saa sita akatulia, akaomba maziwa. Mama mukwe akafunga kitenge yake vizuri. "Amepona. Turudi."

Muganga wa pale, mama wa makamo, akauliza: "Alikula ngapi?"

Mama mukwe akajibu mbele yangu: "Moja, mbili zilizobaki. Mukamwana wangu alizimaliza zote." Akamuonyesha ile fishi yangu ya mimba, kwa majivuno.

"Kama ni mbili, mutarudi nyumbani," muganga akasema, akashika kamba ya serumu ili aitoe.

Mutoto alikuwa anacheza na kidole yangu. Nikasema: "Sikukunywaka hata moja. Kopo ilijaa. Sasa imebaki nusu."

Mama mukwe hakuniangalia. Muganga akaacha ile kamba. "Basi hatoki. Hii chuma ya mu kinini inatudanganya. Tumbo inatulia, kumbe ndani inakula maini."

Saa kumi mutoto akawa baridi, macho yakageuka. Walikuwa tayari kando yake na dawa. Siku mbili sikujua kama niko na mutoto ao sina. Siku ya tatu akaomba maziwa tena, na mie nikaogopa kufurahi.

Leo niko na mimba ingine. Kila asubuhi mama mukwe mwenyewe ananiletea kinini na kikombe ya maji, anasimama mbele yangu mpaka nimeze. Nafungua kinywa, namuonyesha ulimi.