Barabara Inayoingia Majini

Nilifika Burigi kwa sababu lori lilikuwa linaelekea huko na mimi sikuwa nimewahi kufika. Sababu nyingine sikuwa nayo. Shule niliiacha darasa la nne. Baada ya hapo nilibeba magunia ya kahawa Bukoba mjini, nikakausha samaki kisiwani Goziba, nikahamia kisiwa cha Bumbire, na kila mahali nilikaa mpaka nilipochoka kuuliza maswali au watu walipochoka kuyajibu. Siku hiyo nilikuwa Muleba, nimesimama kando ya lori lililowabeba watu wa Ijumbi wanaokwenda kuanzisha kijiji cha ujamaa. Walikuwa na vitanda, kuku, na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji.

"Kuna nafasi?" niliuliza.

"Una jembe?" mtu mmoja akanijibu kutoka juu.

"Sina."

"Mikono unayo?"

Nikapanda.

Wale watu walikuwa wametoka kwenye vibanja, ambako mtu hukaa chini ya migomba tangu asubuhi mpaka jioni na jua analiona vipande vipande. Walishushwa kwenye rweya, majani matupu hadi ziwani, na jua zima. Wanawake walisimama wamejifunika khanga kichwani. Kilichowafurahisha kilikuwa kimoja tu: barabara. Ilitoka ziwani ikapanda polepole kuelekea juu, mifereji miwili sambamba, na katikati ukanda wa majani, kama zinavyokuwa barabara zote zinazopitiwa na gari. Wengine walisema ni ya Wajerumani, wengine wakasema ni ya Landrova ya bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori. Mwenyekiti wetu alipiga vigingi kando yake kwa mstari ulionyooka, nyumba baada ya nyumba. Na mimi nilishika kamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza gari gani lingeshuka barabara hiyo mpaka ndani ya matete.

Kigingi cha mwisho, kile cha karibu na maji, alipewa mjane mmoja mwenye watoto wanne. Nilikuwa namkatia miti ya kujengea, naye ananipa chakula. Nilimwita mawe, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kihaya, na yeye aliniita Mzururaji bila kunikosea heshima.

Kila asubuhi alikuta jambo kwenye kibanda chake cha majani. Mara ua umelala chini. Mara mavi yamerushwa ukutani, yamesambaa kama mtu aliyepiga lipu kwa hasira. Usiku watoto walisikia kitu kinatafuna majani karibu kabisa na vichwa vyao. Wiki iliyofuata tulikuwa tuanze kukandika nyumba za udongo, na nyumba ikishakandikwa nani ataibomoa? Akaenda kwa mwenyekiti kuomba ahamishwe kabla ya hapo. Niliandamana naye.

"Ni ng'ombe wa wafugaji, mawe," mwenyekiti alisema. Alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mpole, rozari ilikuwa inaning'inia mfukoni mwa shati lake.

"Ng'ombe gani huyo anayekunya ukutani, waitu?" mjane akauliza, kwa lile neno letu la heshima.

Mwenyekiti akajikuna shingo. Wageni wa wilaya walikuwa waje kuukagua mstari wa nyumba, na mstari huo ndio kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwaonyesha. Aking'oa kigingi kimoja, atang'oa vyote.

"Nikiona kwa macho yangu," alisema mwishowe, "nitang'oa kigingi mwenyewe. Nisipoona, utajenga hapo."

"Basi kesho tuzunguke ziwa," mjane akasema.

Kulizunguka lote hatungeweza, ni refu mno. Tulikubaliana kupita nyuma ya ghuba moja na kurudi kwa njia ya ufukweni, sisi watatu. Tuliondoka umande ukiwa bado, lakini ilikuwa kiangazi, na jua lilipopanda ardhi ilianza kuchoma kupitia nyayo za kandambili. Hewa ilicheza juu ya majani mpaka miti ya miiba ikaonekana inatembea.

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Mwenyekiti naye alisahau kabisa kilichotuleta. Aliona kundi la korongo wenye taji, akatushika mikono tusimame. Ndege wale walikuwa wanarukaruka wakielekeana, mabawa wazi, kama watu wa harusi.

"Tazama huyo," alinong'ona. "Huyo wa kushoto ni mkwe. Anacheza kwa adabu."

Kenge mrefu kama mkono wa mtu alitupita mbio na kujitumbukiza majini. Mdiria alisimama hewani juu ya maji, akipiga mabawa bila kusonga, kisha akaanguka kama jiwe na kutoka na samaki. Penye kivuli cha mafunjo tulimwona nzohe, yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu. Alikuwa amezama mpaka shingoni, anatutazama. Nilitaka kujua kila kitu: analala wapi, mtoto wake anafundishwaje kuogelea. Mwenyekiti alicheka.

"Wewe ungebaki shule, Mzururaji, mwalimu angekimbia."

"Waitu, mwalimu hakuwa na majibu. Ndiyo maana nilikimbia mimi."

Mjane hakucheka nasi. Alitembea mbele, macho chini kwenye matope. Kila alipoona alama alisimama na kutusubiri, na kila aliposimama mwenyekiti aligeuza uso kuutazama mti au wingu. Jambo hilo lilinishangaza. Lingine pia: tangu asubuhi tulikuwa tumetaja nyani, mamba, pongo, lakini kiboko, ambaye wote watatu tulikuwa tunamfikiria, mwenyekiti hakuwa amemtaja hata mara moja. Alisema "yule mzito."

Tulipokaa kunywa maji kwenye kibuyu, mwenyekiti alienda pembeni kujisaidia. Nikamuuliza mjane.

"Hujui?" alisema. "Ni muziro wao. Ukoo wake hawamli, hawamgusi, hawamwiti kwa jina ovyo. Mama yake alikuwa hata ngozi ya mnyama huyo haingizi ndani."

"Basi umekosea kumleta. Hatakubali kuona."

"Mtu hapendi kumshitaki jamaa yake," alisema. "Lakini wanangu wamelala njiani, Mzururaji. Nifanye nini?"

Aliziba kibuyu, akajifunga khanga upya, akainuka.

Tuliwakuta saa nne, jua likiwa limeshakuwa kali. Kwanza nilidhani ni mawe, kama nilivyokuwa nadhani mara nyingi nikiwa visiwani. Kisha jiwe moja likapumua. Yalikuwa mengi, mgongo kwa mgongo, yanang'aa, na ndege weupe wametulia juu yake. Kwenye kina kifupi mama mmoja alikuwa amesimama na mtoto wake amelala mgongoni mwake, kidevu kwenye shingo, masikio yanapiga nzi. Upepo ulikuwa unatujia, hawakutusikia.

Mwenyekiti alivua kofia. Sikumwona akifikiri, aliivua tu, kama mtu anayeingia kanisani. Alisimama vile kwa muda mrefu, jua linachoma kipara chake, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Kihaya ambacho sikukisikia. Mjane hakumharakisha. Hakuonyesha kidole wala hakusema "si nilikuambia." Alisogea tu akasimama upande wa jua, ili kivuli chake kimwangukie.

Halafu mjane akaanza kutembea, nasi tukamfuata. Penye matete palikuwa na uwazi, kama mlango. Matope yamekanyagwa pande mbili, kushoto mfereji, kulia mfereji, katikati ukanda wa majani, kwa sababu mnyama yule miguu yake iko mbalimbali na tumbo lake linapita juu ya majani bila kuyaua. Kwenye vichaka pande zote mavi yalikuwa yamerushwa kwa mkia, makavu na mabichi. Tuliingia kwenye ule mlango tukapanda. Matete yakaisha, majani yakaanza, njia ikanyooka. Mwenyekiti alikuwa mbele sasa. Alikuwa anaitazama njia kwa makini, mguu mmoja mfereji huu, mguu mwingine ule.

Alipoinua kichwa alikuwa ametokea mbele ya kibanda cha mjane. Mtoto mdogo kabisa alikuwa amekaa katikati ya barabara, uchi, anachimba kwa kijiko. Akatutazama tulivyotoka majini, akacheka.

Mwenyekiti alimbeba. Akamkabidhi kwa mama yake, kisha akakishika kigingi kwa mikono miwili na kukitikisa. Kilikuwa kimepigwa sawasawa. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko.

Watu walikuja. Habari ilipoenea vijana walifurahi.

"Aitwe bwana nyama na bunduki! Nyama ya mwezi mzima!"

"Na nyumba zibaki zilipo," mwingine aliongeza, kwa maana yeye alikuwa ameshachimba msingi wake.

"Hapana," mwenyekiti alisema.

"Mwenyekiti, ni kwa ajili ya muziro wako? Sisi wetu ni mwingine."

"Ni kwa ajili ya muziro wangu," alisema. Hakuona haya kulisema. "Nimempigia vigingi njiani mwake, halafu nimwitie bunduki? Yeyote atakayetaka kumwita bwana nyama aende Muleba kwa miguu yake. Mimi nang'oa."

Aling'oa kimoja baada ya kingine mpaka juu. Wengine walinung'unika, wengine wakaanza kubeba miti kabla hajafika kwao. Nyumba tulizipanga upya kwenye mwinuko wenye mawe, na kwa kuwa mwinuko wenyewe ulikuwa umepinda, mstari nao ulipinda. Mjane alipata mahali pa kati, majirani pande zote. Nilimkandikia ukuta wa mbele mwenyewe.

Wageni wa wilaya walikuja wakati bado tunakandika. Mmoja alisimama na kuangalia chini, akauliza ni kwa nini tumeikimbia barabara nzuri iliyokuwepo na kwenda kujibana kwenye mawe.

Mwenyekiti alifuta udongo mikononi.

"Ile, ndugu," alisema, "ina wenyewe."

Mgeni alisubiri aelezwe zaidi. Mjane, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani, alimwambia kama anataka kuwaona amwulize yule Mzururaji, atampeleka. Nikaweka chini mwiko wangu wa kukandikia. Nilikuwa bado sijajua nzohe analala wapi.